Gari Linazimazima? Mwongozo wa Kutojua Sababu Maisha Yako Yote

Hongera, bosi. Duara la dhahabu limetema kule Rwamgasa, au mpunga umelipa, au kikoba kimevunjwa na mgao wako umetoka, na sasa una gari la otomatiki. Ni IST, au Passo, au Spacio, au ile Mark II ya zamani unayoiita Grand hata ikiwa si Grand. Umelipitisha barabara kuu ya Buseresere polepole, vioo chini, mpaka Katoro, bila kuwa na shida yoyote ya kwenda Katoro. Ukageuza, ukarudi. Watu wamekuona. Kazi ya kwanza ya gari imeshakamilika.

Sasa limeanza. Unakaribia stendi, unakanyaga breki, kimya. Dashibodi nzima inawaka taa, usukani unakuwa mzito, bodaboda wa nyuma anakupigia honi na kukuita mzee. Ukiliwasha linawaka vizuri tu. Kesho halizimi kabisa. Keshokutwa linazima mara mbili kabla hujanywa chai.

Usihuzunike. Ubovu unaokuja na kuondoka ndio bora kuliko ubovu wote kwa mtu anayetaka kupoteza hela kwa heshima, maana hakuna wa kuthibitisha kwamba umekosea. Fuata hatua hizi. Zimejaribiwa kuanzia Geita mpaka Kahama, na hakuna aliyerudi kulalamika, kwa sababu wengi wao hawana tena usafiri.

Hatua ya 1: Usiangalie linazima wakati gani

Kosa kubwa la wanaoanza ni kuangalia. Wapo watu wanaoandika: lilizima saa ngapi, likiwa la moto au la baridi, gia ikiwa D au N, AC imewashwa au imezimwa, geji ya mafuta ilikuwa wapi. Watu hawa ni hatari. Wiki haiishi wameshajua kwamba gari linazima likishapata moto, baada ya safari ndefu, na ukiliacha nusu saa lipoe linawaka bila kuguswa. Fundi akisikia hivyo anakwenda moja kwa moja kwenye sensa ya kranki, kidude kinachosoma mzunguko wa injini na kuiambia kontroli boksi ni lini irushe cheche. Ikizeeka, ikipata joto inakata mawasiliano, ikipoa inarudi. Spea moja, dakika chache, kwisha habari. Sasa utasimulia nini kijiweni?

Wewe ukiulizwa linazimaje, jibu: "Inazima tu." Fundi akikazana kuuliza ikiwa wapi na ikiwaje, mwambie: "Inazima, inawaka, inazima." Halafu toa simu uanze kuongea na mtu wa Mwanza.

Hatua ya 2: Fika gereji na jibu mkononi

Fundi hajui gari lako. Wewe ndiye unayelijua, maana wewe ndiye uliyelinunua. Mazungumzo yaende hivi:

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, karibu bosi. Gari ina shida gani?"

"Plagi hizo. Badilisha zote."

"Tungeiwasha kwanza niisikilize sailensa inavyokaa…"

"Fundi, mimi nimeanza kuendesha Chato ikiwa bado Kagera."

Sentensi hiyo ya mwisho ni nzuri sana, itunze. Chato ilitoka Kagera pale Geita ilipotangazwa kuwa mkoa mwaka 2012 tu, kwa hiyo haimaanishi uzoefu mkubwa sana, lakini inasikika nzito na fundi mwenye ada ya shule mbele yake haoni sababu ya kuipinga. Atabadilisha plagi. Gari litakaa siku mbili bila kuzima, kwa sababu lilikuwa na mpango wa kukaa siku mbili bila kuzima. Wewe tangaza umelitibu.

Hatua ya 3: Chagua gereji kwa wingi wa watu

Gereji bubu iliyo chini ya mwembe ina kitu ambacho gereji ya maana haina: kamati. Nyanyua boneti tu, watakuja. Fundi injini atasema umeme. Fundi umeme atasema pampu. Muuza spea aliyekuja kudai hela yake atasema kontroli boksi, na kwa bahati anayo moja, ya mtumba, iko dukani. Mziba pancha atasikiliza wote, kisha atasema gari hili aliwahi kuliona linazima hivihivi kwa mwenye gari wa kwanza.

Wote wasikilize. Wote wape ruhusa ya kugusa. Kila mmoja afungue kitu kimoja na asikirudishe vizuri. Ikifika jioni gari litakuwa na tatizo lake la asubuhi, pamoja na bomba moja la hewa lililoachwa bila klipu. Bomba hilo linaingiza hewa ambayo injini haikuihesabu, na injini inayopata hewa ya wizi huwa inazima kwenye sailensa, yaani inapounguruma bila kukanyagiwa mafuta. Hapo umepiga hatua kweli: ulikuja na sababu moja, unaondoka na mbili.

Mkwepe fundi anayekaa kimya akisikiliza. Mkwepe zaidi anayesema, "Niachie niendeshe mwenyewe mpaka izime." Huyo amesoma VETA au ana tabia mbaya.

Hatua ya 4: Pandisha sailensa

Hapa kwetu kuna vumbi jekundu, na barabara za machimboni hazijui huruma. Vumbi linaingia kwenye kichujio cha hewa. Wewe kitoe, kipige kwenye tairi mara tatu, kirudishe kikiwa kimekaa upande. Vumbi linalopita linakwenda kuungana na moshi wa oili na kuganda pembezoni mwa kisahani cha throto bodi, mlango ambao injini inavutia pumzi. Gari likiwa mwendoni mlango uko wazi, hakuna neno. Ukisimama mlango unafungwa na kubaki upenyo mdogo sana. Ukishajaa ukoko, hewa haitoshi. Weka juu yake mzigo wa D na kompresa ya AC, injini inakata roho pale pale stendi.

Dogo mmoja wa gereji, mwenye spana namba kumi mdomoni, anaweza kuufungua mlango huo, akausugua kwa mswaki wa zamani na dawa ya kopo, na ule ukoko mweusi ukachuruzika mpaka kwenye gazeti alilotandika. Usikubali. Hiyo ni kazi ya bei ndogo na haina hadhi.

Wewe sema: "Nipandishie sailensa." Injini itanguruma sasa hata ikiwa imesimama. Ukiweka R linaruka kinyumenyume, ukiweka D linachomoka. Itabidi ulikamate kwa breki muda wote, na pedi za breki zitakwisha kabla ya tangi la pili. Lakini halizimi, bosi. Halizimi kwa wiki nzima. Ukoko ukiongezeka litaanza tena, na wewe utaomba lipandishwe tena.

Hatua ya 5: Hukumu gia boksi mapema

Hapa ndipo mwenye otomatiki anapomzidi mwenye manyuali. Mwenye manyuali gari likizima watu watasema hajui klachi. Wewe unasema "gia boksi" na watu wote wananyamaza. Gia boksi ni neno lenye hela. Mtu anayenunua gia boksi anasalimiwa kwanza.

Kuna ukweli kidogo hapa, nao ndio unaotusaidia kudanganya. Kati ya injini na gia boksi ya otomatiki kuna dude la mviringo, toki konveta, linalopitisha nguvu kwa oili, ndiyo maana unaweza kusimama ukiwa D na injini isizime. Ukifika mwendo wa kutosha, klachi iliyo ndani yake inafunga ili mafuta yasipotee bure. Ukikanyaga breki inatakiwa iachie. Solenoidi inayoiamuru ikikwama, klachi haiachii, na injini inazima kwa namna ileile ya dereva wa manyuali aliyesimama bila kukanyaga klachi.

Kulijua hilo ni rahisi mno, kwa hiyo usijaribu. Usije ukapeleka mkono N muda mfupi kabla ya kusimama. Likiwa N halizimi na likiwa D linazima kila linapotoka kwenye mwendo mrefu, mashaka yanahamia kwenye solenoidi. Likizima hata kwenye N na P, gia boksi halina kesi, rudi kwenye injini. Jaribio hilo halina gharama, na likiisha halikuachii hata risiti ya kuonyesha watu.

Badala yake ongeza oili. Usiulize ni ipi. Toyota za miaka ya nyuma hutumia T-IV, za baadaye WS, na zenye CVT, zile za mkanda wa chuma, zina oili yake peke yake. Wewe sema "niwekee hidroliki, ile nyekundu." Kipimo nacho kipime asubuhi, injini imezimwa, gari likiwa limeegeshwa mteremkoni. Wanaopima injini ikiwa ya moto na inaunguruma, gia ikiwa P, kwenye uwanja ulionyooka, hao wamesoma kitabu cha gari, nasi hatukusoma kitabu ili tununue gari.

Hatua ya 6: Toa masega

Ukifika hapa, mtu atasema: "Toa masega hayo, yanabana." Hajulikani ni nani, lakini lazima atokee. Masega, yale yanayosafisha moshi ndani ya bomba la ekzosi, yakiziba kweli yanaweza kuikaba injini. Gari la namna hiyo huanza kwa kukosa nguvu mlimani, siyo kuzima stendi na kuwaka tena papo hapo. Usiyaseme hayo kwa sauti.

Masega yatatolewa, bomba litachomelewa, na dogo atayafunga kwenye kiroba na kuyaweka nyuma ya kiti chake. Usimuulize anayapeleka wapi. Ndani yake mna platina, paladi na rodi, na wapo wanaoyanunua kwa kilo. Inapendeza kuona mtu wa ukanda wa dhahabu, ambaye hawezi kumwachia mwenzake jiwe bila kuliponda kwanza, akimkabidhi fundi madini ya thamani bure na kumlipa juu yake.

Gari litarudi barabarani. Litazima palepale, ila sasa litazima kwa sauti.

Hatua ya 7: Tembelea taa

Weka mafuta ya elfu tano. Yakikaribia kwisha, weka mengine ya elfu tano. Taa ya mafuta iwe inawaka mpaka abiria wazoee. Hii ina faida mbili. Pampu ya mafuta imekaa ndani ya tangi na inapozwa na petroli yenyewe. Tangi likiwa karibu tupu inachemka. Tena inanyonya yaliyotulia chini, mchanga na maji, mpaka chujio lishibe. Pampu iliyochoka huzima gari ikishapata joto na kukubali tena ikipoa, kwa hiyo itafanana kabisa na ile sensa ya Hatua ya 1, na fundi atachanganyikiwa vizuri.

Mwenye haraka ya kujua angepima presha ya mafuta gari linapozima, au walau angefungua swichi na kutega sikio nyuma asikie kama pampu inavuma. Wewe laumu sheli. Lawama hii ina historia, hivyo inaaminika. Miaka ile watu walikuwa wanachakachua petroli kwa mafuta ya taa mpaka EWURA ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili mchezo usilipe. Wewe endelea kuongea utadhani ni jana. Halafu kanunue petroli ya chupa njia ya machimboni, iliyoanikwa juani tangu asubuhi.

Na akitokea mjuaji wa kusema Toyota haiharibiki pampu, mwambie mwaka 2020 Toyota iliita mamilioni ya magari duniani yarudi kurekebishwa kwa sababu ya pampu za mafuta zilizoweza kufa na kuzima injini mwendoni. Hilo ni kweli kabisa. Lisikusukume kuipima ya kwako.

Hatua ya 8: Linda gari mpaka lishindwe kutembea

Gari la Buseresere lina maadui, kwa hiyo lifungie alamu. Kisha swichi ya siri chini ya kiti ya kukata pampu. Kisha, kama ni la mkopo, mkopeshaji atafunga GPS yenye uwezo wa kulizima akiwa ofisini kwake. Vyote vitatu vikate waya uleule, viungwe kwa kuzungusha vidole na kufungwa selotepu. Waya ukitikisika kwenye matuta ya Katoro, gari linazima. Ukisimama ukatulia, linawaka. Mwizi hataliweza gari hili. Hata wewe hutaliweza.

Betri nayo usiiguse. Vichwa vyake vikiwa na unga mweupe na wa kijani, na kimoja kimechomekwa msumari ili kibane, uache msumari. Una kazi kubwa: siku ukilegea, umeme wote unakatika kwa nusu sekunde, injini inazima, na ukifungua boneti unakuta kila kitu kiko sawa.

Usisahau funguo. Mwanaume wa mjini anaonekana kwa funguo: ya gari, ya duka, ya geti, ya stoo, ya kufuli la chumba cha karasha, ya pikipiki iliyouzwa, na opena ndogo ya kufungulia soda. Zote zining'inie kwenye swichi ya gari. General Motors ya Marekani mwaka 2014 iliita magari madogo yapatayo milioni 2.6 kwa sababu swichi zake zilikuwa legevu: funguo nzito au goti la dereva vilitosha kuzirudisha nyuma, injini ikazima na mifuko ya hewa isifunguke kwenye ajali. Vifo 124 vilihesabiwa kwenye mfuko wa fidia. Swichi ya gari lenye miaka 20 nayo imelika. Kuendesha na ufunguo mmoja tu kwa siku chache kungekuambia mengi, lakini watu wangesema duka limefungwa.

Hatua ya 9: Futa ushahidi kabla haujasomwa

Taa ya injini ikiwaka, maana yake kontroli boksi imeandika kitu. Kuna tundu chini ya dashibodi, karibu na magoti ya dereva. Ukichomeka mashine inasoma: P0335 ni sensa ya kranki, P0171 ni hewa nyingi kuliko mafuta, P0742 ni ile klachi ya toki konveta iliyogoma kuachia. Namba hizo hazimalizi kesi, zinaonyesha mtaa wa kuanzia kutafuta. Ndiyo maana hatuzitaki.

Chomoa betri usiku, ulale nayo ndani. Asubuhi taa imezima, kumbukumbu imefutika, na fundi wa mashine akija atakuta gari halina hata dhambi moja. Atasema, "Bosi, mashine haioni kitu," nawe utatingisha kichwa na kusema hizi mashine za Kichina. Ukishindwa kabisa, kipande cha selotepu nyeusi juu ya taa kinatosha. Weka saizi ileile ya taa, kisionekane cha kienyeji.

Hatua ya 10: Likizima njiani, lisukumwe

Ita vijana. Wanne wanatosha, sita wanapendeza. Waambie wasukume kwa nguvu, wewe uko ndani, umeweka D, unasubiri lishtuke. Halitashtuka. Pampu ya oili ya gia boksi ya otomatiki inazungushwa na injini, na injini isipozunguka hakuna presha ya kushika gia yoyote. Vijana hawalijui hilo na hutawaambia, maana tayari umewalipa. Aliyekuwa na akili angerudisha gia P au N kisha akapiga stata, kwa kuwa kwenye D stata haijibu.

Likikataa, tafuta Fuso na kamba. Livutwe matairi yote yakiwa chini, mpaka Geita mjini. Gia zitazunguka njia nzima bila oili kusukumwa, zitaungua, na ukifika utaambiwa gia boksi limekufa. Kumbuka Hatua ya 5. Ulisema gia boksi tangu mwanzo, wakakubishia. Sasa nani alikuwa sahihi?

Jambo moja hapa si la mzaha, lisome mara mbili. Gari likizima mwendoni, breki inabaki na nguvu ya kukanyaga mara moja au mbili, baada ya hapo inakuwa ngumu. Usukani nao unakuwa mzito lakini unageuka. Usipampu breki. Kanyaga moja ya kueleweka na uishikilie, toka pembeni, washa hazadi, kisha ndipo uanze ujinga wako.

Hatua ya 11: Tafuta mwenye wivu

Mafundi wakishakwisha, waingie binadamu. Nani hakukupongeza siku ya kwanza? Nani aliuliza bei? Gari linazima kila unapopita mbele ya duka la nani? Usikumbuke kwamba mbele ya duka hilo kuna tuta, na kwenye tuta unakanyaga breki. Kwa mtaalamu wa mambo haya utapewa sharti, na sharti hilo halina garantii, sawasawa na la muuza spea.

Tahadhari: mambo yatakayokuharibia

Nimeahidi kukusaidia kushindwa, kwa hiyo sina budi kukutajia yanayoweza kukuponyoka ukafaulu. Kuna daftari la shule lililowekwa kwenye droo ya gari, kila likizima mtu anaandika mstari mmoja: moto au baridi, D au N, AC, geji, tuta au tambarare. Kuna kuanza na vitu vya bure, vichwa vya betri, klipu za mabomba, kichujio, kimoja kwa siku, na kuendesha kabla ya kugusa kingine. Kuna kuzima alamu na swichi zote za siri kwa muda, uone. Kuna kusoma mashine kabla ya kufuta. Na kuna kumwambia fundi ulichokiona, siyo unachokidhani.

Mchimbaji wa Nyarugusu halitumbukizii duara hela yake kabla ya kuponda sampuli na kuiosha kwenye karai aone kama inacheka. Mtu huyohuyo akipata gari, anachimba kuanzia plagi mpaka gia boksi bila kuosha hata kokoto moja. Ukianza kuosha, bosi, umekwisha. Utaliponya gari kwa bei ya kopo moja la dawa ya throto, na gereji watakusahau jina.

Hatua ya 12: Uza

Siku ya siku ikifika, liuze kwa ustaarabu. Lioshe. Paka matairi dawa. Mnunuzi aje asubuhi, kabla jua halijapanda, injini ikiwa ya baridi. Mwendeshee wewe, mguu mmoja kwenye mafuta, mpaka Katoro na kurudi, msisimame popote. Mwambie injini haijawahi kuguswa. Kwa hesabu ya vipande, ni kweli: kilichobaki hakijaguswa.

Akiwa wa Mwanza ndiyo bora. Zamani angekwama kwenye foleni ya kivuko cha Busisi, gari lingezima mbele yake mara nne, na angerudi akiwa na hasira. Tangu Juni 2025 kuna Daraja la JPM, kilomita 3 juu ya maji, anavuka bila kusimama. Atagundua Usagara, akikanyaga breki ya kwanza, na kutoka Usagara kurudi Buseresere ni mbali kwa gari linalozimazima.

Ukishapokea hela, mwachie na mwongozo huu kwenye droo. Atauhitaji kabla ya Ijumaa.